Saba Yenye Mkanda

14 Januari

Mwanangu Kalamu,

Marahaba. Najua hujanisalimia, lakini naitikia mapema, maana barua yako ya mwisho ilikuja na picha ya mkeo na haikuja na shikamoo. Nimekusamehe kwa ajili ya picha. Tumbo limekaa vizuri. Mwambie asibebe ndoo, na wewe ukiwa nyumbani ubebe hata kama umevaa suti.

Sisi hapa hatujambo. Magoti yangu tu ndiyo yananung'unika, hasa nikisimama mbele ya kisu cha karatasi tangu saa mbili mpaka saa kumi. Nyumba yangu imefika kwenye lenta. Nimebakiwa na paa, na paa linasubiri kiinua mgongo. Kila Jumapili nakwenda kukaa ndani ya kile chumba kisicho na kichwa, natazama mawingu pale patakapokuwa na dari, najiona tajiri. Unajua siku nikistaafu natakiwa niache hii nyumba ya kazi ndani ya miezi mitatu, na safari hii sitaki kupanga kwa mtu.

Kazini tunafunga madaftari ya wapiga kura. Kiwanda cha chapa cha serikali wakati wa uchaguzi hakina tofauti na nyumba yenye arusi, kila mtu anakimbia na hakuna anayejua anakimbilia nini. Hotuba ya Waziri uliyoiandika mwaka jana nayo niliifunga mimi mwenyewe. Kila tunachofunga, nakala moja inabaki stoo ya kumbukumbu na haitolewi humo, liwe jua iwe mvua. Yako iko rafu ya nne kutoka chini. Nikipita naigusa mgongo. Fundi Uzi, yule mshonaji wetu wa vitabu, ananicheka sana.

Sasa jambo lililonishikisha kalamu. Simu nimepiga mara tatu, inapokelewa na binti wa ofisini kwenu anayeniuliza nimetoka kampuni gani. Kuna maneno yamezagaa kwamba uchaguzi ukipita serikali itakikata kiinua mgongo nusu kwa nusu. Kile tunachopewa kwa mkupuo siku ya kuondoka, nusu yake ibaki kwao, wawe wanatudondoshea kidogo kidogo kila mwezi mpaka tufe. Kwenye chumba chetu cha kufungia vitabu, wenye miaka hamsini na mitano kwenda juu tuko tisa. Mtu wa umri huo anaruhusiwa kuomba kustaafu kwa hiari, akitoa taarifa ya miezi mitatu. Fundi Uzi ameshajaza fomu, ameificha kwenye droo ya sindano. Anasema bora aondoke sasa na chake kamili.

Wote wananitazama mimi. Kwanza mimi ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Pili wanajua kijana niliyemlea ndiye anayemwandikia Waziri maneno ya kusema. Nikawaambia tulieni, nitamuuliza.

Basi nakuuliza. Ni kweli?

Shangazi yako

3 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Shikamoo tena kwa deni la barua iliyopita, na ya tatu uiweke akiba.

Nakuandikia juu ya boneti la gari, mji wa nne kwa leo. Sauti imenikauka na wala si mimi ninayehutubia. Mkeo (huyo sasa ni wako kuliko wangu, maana ananitishia kwa jina lako) hajambo, anakula mara tano kwa siku. Ndoo nabeba.

Ungekuwepo uwanjani jana ungelia. Waziri aliposema "Jasho la mzee haliguswi", watu walisimama wote, hata waliokuja kufuata fulana za bure. Sentensi hiyo ni yangu, Shangazi. Niliiandika nyuma ya risiti ya mafuta. Sasa iko kwenye mabango, kwenye kanga, kwenye milango ya malori. Wazee wanaiimba.

Kuhusu ulilouliza, umemsikia mwenyewe redioni. Amesema haliguswi, na kauli ya Waziri jukwaani ni kauli ya Waziri. Hayo ya mitaani ni maneno ya wapinzani wanaotafuta kura kwa kuwatisha watu wazima.

Ila Shangazi, magoti yako yananikosesha raha. Miaka thelathini na minne umesimama kwenye sakafu ya saruji. Kwa nini usiandike barua ya kustaafu tu, upumzike? Iandike mwezi huu. Usingoje mwezi ujao. Unajua walivyo wazito na mafaili.

Dereva anapiga honi. Nitakuandikia kwa urefu nikitulia.

Mwanao, Kalamu

12 Februari

Mwanangu Kalamu,

Marahaba zote tatu.

Barua yako imenipandisha cheo. Niliisoma kwa sauti wakati wa chai, nimesimama juu ya kreti, na nilipofika kwenye "haliguswi" chumba kizima kilipiga makofi. Kumbe sentensi yenyewe ni ya kijana wetu! Fundi Uzi alitoa fomu yake kwenye droo ya sindano akaichana vipande vinne, akavitia kwenye pipa la takataka za kisu. Akasema, "Katibu, kama neno limetoka kwa mwanao basi mimi nashona mpaka sitini." Na wengine wawili waliokuwa wameanza kujaza wameacha. Nilijisikia mtu mbele ya watu.

Ile sehemu ya magoti sikuisoma. Magoti yangu si ya umma.

Lakini imenikaa kichwani. Tangu lini wewe ukahimiza mtu aache kazi? Mtu aliyenililia mwaka juzi nisiache ukatibu! Halafu "mwezi huu, usingoje mwezi ujao". Haraka ya nini? Mafaili yamekuwa mazito tangu hujazaliwa. Nitakuuliza kama nilivyokuwa nikikuuliza ukirudi na shati lililochanika, na unijibu kwa neno moja. Kuna kitu unakijua? Ndiyo au hapana.

Likiwa ndiyo, nitawaambia wenzangu waokote vipande vya fomu zao.

Shangazi yako

9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Niwie radhi, najua nimekaa na barua yako wiki nane. Kampeni hizi zinamla mtu mzima mzima.

Kwanza habari njema kuliko zote. Tumepata mtoto wa kike, tarehe ishirini na moja mwezi uliopita, saa tatu asubuhi. Nimempa jina lako. Ana vidole virefu, mkunga anasema atapiga kinanda, mimi nimesema atafunga vitabu. Mama yake hajambo.

Shangazi, nina ombi moja. Barua zangu usizisome kwa watu. Nakuandikia wewe, sikuandikii tawi. Maneno ya kifamilia yakisomwa juu ya kreti yanageuka mengine.

Hayo mengine tutayazungumza baada ya tarehe ishirini na sita. Piga kura, halafu pumzisha magoti.

Mwanao, Kalamu

28 Aprili

Mwanangu Kalamu,

Marahaba. Mbusu wajina wangu kwenye unyayo, ndipo watoto wanapopendeza. Nimeshona kidaftari chake kidogo chenye jalada la kitambaa, nitampa siku nikimwona.

Nimepiga kura. Nilisimama foleni tangu alfajiri nyuma ya Fundi Uzi, sote wawili na vidole vyetu vyenye gundi ambayo haitoki, tukapakwa wino juu yake. Tumekupigia wewe, kusema kweli. Huyo Waziri simjui hata akinisimamia mbele, najua sentensi yako tu.

Swali langu la Februari nililiuliza kwa neno moja na ulikuwa na wiki nane. Umeniletea mtoto, nimefurahi, na sijajibiwa. Nimeliona hilo. Kuacha kazi kimyakimya bila kujua kwa nini, kama mtu aliyeiba, hapana. Nikiondoka nitaondoka na wenzangu wakinipigia makofi mlangoni.

Hongera kwa ushindi. Redio inasema mmewazidi mbali.

Shangazi yako

20 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Asante kwa hongera, na kwa kura mbili zenye gundi.

Nimepandishwa. Sasa ni msaidizi wa Waziri, nina ofisi yenye zulia na dirisha linalofunguka. Binti wa mapokezi nimemwambia mtu yeyote akisema ni Shangazi asiulizwe kampuni. Wajina wako ameanza kucheka, anacheka na ukuta.

Nimekununulia viatu vya soli laini, vile wanavyovaa wauguzi. Vitakuja na gari la wizara. Uvivae kazini hata kama Fundi Uzi atasema umegeuka daktari.

Sina jingine kwa leo.

Mwanao, Kalamu

24 Juni

Kalamu,

Marahaba. Hali ni hiyo hiyo. Viatu vimefika, vimenitosha, viko chini ya kitanda.

Nilikula kiapo cha kutunza siri za kiwanda kabla hujajua kutembea, kwa hiyo nimesubiri muswada usomwe bungeni ndipo nikuandikie. Umesomwa jana. Sasa naweza kusema tuliufunga wiki iliyopita, nakala mia nne, kazi ya haraka, mlango umefungwa na askari nje.

Jalada lilikuwa la kijani. Mimi nilikuwa kwenye kisu. Fundi Uzi ndiye aliyefika kwanza kwenye ukurasa wa kumi na moja, maana mshonaji huikunja karatasi katikati na jicho huangukia hapo. Alisoma. Akasoma tena kidole kikipita chini ya mstari. Kiinua mgongo kinakatwa nusu kuanzia tarehe moja Julai, isipokuwa kwa aliyekwisha kustaafu, na kwa aliyetimiza miaka hamsini na saba siku hiyo. Yeye ana hamsini na sita. Mimi pia. Mimi hamsini na saba ni Oktoba, kama unakumbuka.

Alinitazama pale nilipo, kama vile mtu anavyomtazama aliyemwuzia kitu kibovu, halafu akachukua sindano akaendelea kushona. Siku ile alishona nakala mia na ishirini za sheria inayomkata mwenyewe. Tangu hapo hajanisemesha. Chai anakunywa nje kwenye ngazi, na wale wawili walioacha kujaza fomu wamemfuata. Kreti niliyosimamia bado ipo, nimeigeuza tunawekea vipande vya uzi.

Angeondoka Februari, leo angekuwa nyumbani kwake na chake kamili. Aliyemzuia ni mimi. Nilimsomea barua.

Nina swali moja, na hili usilizungushe. Ulijua lini?

Shangazi

15 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Umeacha kuniita mwanangu, nimeona. Umeacha hata kumwulizia wajina wako, nami nakwambia hivyo hivyo kwamba hajambo, amegeuka kifudifudi peke yake.

Nilijua siku ileile uliyojua wewe, au siku chache kabla. Ninakuapia. Mambo haya hutengenezwa juu sana, sisi wa chini tunaletewa.

Nisikilize kidogo, usikasirike kwanza. Hazina haina kitu. Hakuna chama chochote duniani kilichosimama jukwaani kikasema wazee tutawapunguzia, kikashinda. Wapinzani walitupigia kelele uwanjani, lakini ndani ya kamati walikaa kimya, walitaka tuwafanyie kazi chafu wao wasichafuke. Dawa chungu hutolewa mwaka wa kwanza, watu wapate minne ya kusahau. Huo ndio utaratibu, sikuubuni mimi. Vijana hawajali, uzee kwao ni ugonjwa wa watu wengine. Waliokwisha kustaafu hawaguswi, kwa hiyo wananyamaza. Wabunge wana mafao yao ya pembeni. Wanaobaki katikati ni wachache, wametawanyika maofisini na viwandani, na wakitaka kugoma wataogopa kupoteza hata hicho walichobakishiwa. Sisemi ni haki. Nasema ndivyo kura zinavyohesabiwa.

Sasa sikiliza jambo la maana. Waziri ana orodha ya watumishi maalumu watakaobaki chini ya kanuni ya zamani. Watu wa muda mrefu, wenye utumishi wa mfano. Naweza kuliingiza jina lako. Paa lako lipo, Shangazi. Andika neno moja tu, "nakubali", nami nitamaliza mengine.

Mwanao, Kalamu

2 Agosti

Kalamu,

Naitikia. Mimi mzima. Mtoto nimefurahi amegeuka.

Nitakueleza kitu cha kazi yetu ambacho labda hukijui, au ulikijua ukakisahau ulipopata zulia. Kazi ikija kuchapwa, inakuja ndani ya bahasha ya khaki. Ndani kuna karatasi asilia, zile zilizopigwa taipu na kusahihishwa kwa mkono. Aliyesahihisha lazima atie herufi za jina lake na tarehe pembeni ya kila badiliko, tukikosea ijulikane kosa ni la nani. Bahasha hiyo inaizunguka kazi kutoka meza hadi meza, na meza ya mwisho ni yangu. Mimi ndiye ninayelinganisha kurasa zilizofungwa na karatasi asilia, moja moja, kabla ya kusaini kwamba kazi imekwisha.

Mlikuwa na haraka mno. Hamkupiga taipu upya.

Ukurasa wa kumi na moja ulipigwa taipu "miaka 55". Tano ya pili imepigwa mstari kwa wino wa bluu, na juu yake imeandikwa saba. Saba hiyo ina mkanda tumboni, kile kistari cha kuikata katikati. Watu wengi wa hapa hawaivishi saba mkanda, Kalamu. Mimi naivisha, kwa sababu mwalimu wangu wa kwanza aliivisha, na nilikufundisha hivyo kwenye meza ya jikoni ulipokuwa unaichanganya na moja. Ulilia. Nilikuambia, mfunge mkanda, suruali isimvuke. Pembeni yake kuna herufi zako na ule mkia mrefu unaoupenda. Na tarehe. Kumi na tisa Januari.

Barua yangu ya kwanza iliandikwa kumi na nne Januari. Uliandika saba hiyo, barua yangu ikiwa mfukoni au juu ya meza yako, sijui. Halafu tarehe tatu Februari ukaniandikia "haliguswi".

Nilisoma herufi zile nimesimama. Kisha nikasaini kwamba kazi imekwisha, maana kurasa zote zilikuwa sawa.

Nilipokuuliza Juni ulijua lini, nilikuwa nimeshajua. Nilikupa nafasi. Ukaniapia.

Kuhusu orodha, jibu langu ni hapana. Ukitaka kuweka jina la mtu, weka la Fundi Uzi, yeye alimwamini kijana ambaye hakumzaa. Na nataka uniambie kitu kimoja tu, halafu sitakuuliza tena maishani. Ulipoandika saba ile, umri wangu ulikupitia kichwani?

Shangazi

30 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Sijui kama utaitikia.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Mama wa mtoto amesoma yako, niliisahau mezani. Siku hizi ananipakulia chakula na kwenda kula chumbani.

Ndiyo. Ulinipitia.

Tulikuwa wanne chumbani. Waziri alisema hamsini na tano inaacha watu wengi mno nje ya makato, akiba itakayopatikana haifai hata kusomwa. Nikauliza tuweke ngapi. Akasema hamsini na saba, andika. Kalamu ilisimama. Nilihesabu kwa vidole chini ya meza, Julai, Agosti, Septemba, Oktoba. Nilijua ni wewe kabisa, si mtu mwingine anayefanana nawe. Waziri akaniuliza kama wino umekwisha. Nikaandika.

Barua yako ilifika kesho yake. Nilitaka kukwambia. Lakini ninakujua, usingeondoka peke yako. Ungepanda juu ya kreti, ungewaambia wenzako wanane wa chumbani kwenu, wao wangewaambia wa mashine, na wiki isingeisha ingekuwa imefika gazetini, uchaguzi uko mbele yetu. Tungeshindwa, Shangazi. Ndiyo maana niliyataja magoti. Nilifikiri utafuata magoti yako, uondoke kimya, nikuokoe bila kukuambia kitu. Barua yako ya Februari ilipokuja na habari za makofi niliogopa kuijibu. Nilijua mwisho wa kutoa taarifa ni Machi thelathini na moja. Nikaacha ipite. Baada ya hapo hakukuwa na la kusema ambalo lingemsaidia mtu.

Jina lako nimelipeleka kwenye orodha hata hivyo. Limepita. Nafasi niliyopewa ni moja, la Fundi Uzi siwezi. Kuwa na hasira nami ukiwa ndani ya nyumba yenye paa.

Nisamehe ukiweza. Na tafadhali, nakuomba kama mtoto, hii isome peke yako, halafu uichome. Ikionekana na mtu nimekwisha.

Mwanao, Kalamu

19 Oktoba

Mwanangu Kalamu,

Marahaba. Mwanangu ni wewe bado, hilo nimelipima nimeona haliondoki, ingawa lingeondoka ningepata nafuu.

Jana nimetimiza hamsini na saba.

Barua yako ililetwa wakati wa chai. Nilivaa miwani, nikaisoma kwanza kimya, kama ulivyotaka. Kisha nikamwaga vipande vya uzi chini, nikageuza kreti, nikapanda. Niliwaita na wale wa kwenye ngazi. Nikasoma kuanzia shikamoo mpaka "nimekwisha". Nilipofika kwenye vidole chini ya meza nikanywa maji, nikaendelea. Na sehemu ya magoti safari hii nimeisoma. Nilipomaliza nikawaambia, ya Februari niliwasomea mimi, kwa hiyo na hii ilikuwa haki yenu.

Hakuna aliyepiga makofi. Mashine za chumba cha pili zilikuwa zinaendelea kama kawaida. Fundi Uzi aliweka kikombe chake chini, akasema neno lake la kwanza kwangu tangu Juni. "Katibu, unazo zote?"

Ninazo zote. Za tangu Februari ziko tano. Nilikuwa nazitunza kwenye kopo la biskuti, kwa kujivunia.

Alizinyoosha moja moja kwa mfupa wa kukunjia karatasi. Nami nilizikata kingo kwenye kisu zilingane na muswada, nikahakikisha sijagusa neno. Alikwenda stoo na ufunguo wangu, akaleta ile nakala ya kumbukumbu yenye jalada la kijani. Tuliifumua, tukaziweka barua zako kati ya jalada na ukurasa wa kwanza, kwa mpangilio wa tarehe. Akatumia uzi wa kitani, ule wa vitabu vya mahakama, mishono mitano badala ya mitatu. Kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Tulisaini wote tisa nyuma, na tarehe pembeni, kama utaratibu unavyotaka, kisha tukairudisha rafuni. Kiapo changu cha siri kimevunjika, najua. Miaka thelathini na minne kilikuwa kizima, kimevunjika kwa mara moja.

Sikuipeleka gazetini. Wenzangu walitaka, nikawaomba waniachie hilo. Kwa nini sikupeleka, hilo lina vidole virefu na limeanza kucheka na ukuta.

Wizara nimewaandikia jana hiyo hiyo walifute jina langu kwenye orodha yao, nakala kwa chama. Nitabaki kwenye kisu mpaka sitini, na baada ya hapo nitatafuta chumba cha kupanga. Jumapili nilikwenda kule kwenye nyumba. Mvua zimeanza. Imenyesha ndani ya chumba changu cha kulala, na pale nilipopanga kuweka kitanda pameota nyasi, tena nzuri. Nililia kidogo, nikang'oa, nikachoka, nikaacha.

Viatu nimempa mke wa Fundi Uzi. Kidaftari cha wajina wangu kiko ndani ya bahasha hii, mpe.

Na siku atakapojua kusoma, mlete hapa. Huenda nitakuwa nimeondoka, lakini mtunza stoo hatawakatalia. Mwambie rafu ya nne kutoka chini, jalada la kijani, pembeni ya hotuba yako. Haitolewi humo. Mtaisomea palepale, mkiwa mmesimama, na akifika ukurasa wa kumi na moja umweleze wewe mwenyewe ile saba ni ya nani.

Shangazi yako